Wa Kwetu Wangapi?

Orodha ya wachezaji wa Taifa Stars ikitangazwa, hapa Chukwani watu huihesabu kabla ya kuisoma. Mtu anafungua simu, anashusha kidole kutoka kwa makipa mpaka kwa washambuliaji, midomo inamcheza kama anavuta uradi, na akifika mwisho hasemi kikosi kizuri wala kikosi kibovu. Anasema, "Wanne." Au, "Watatu, na huyo wa tatu atakaa benchi tu." Hakuna anayeuliza wanne wa nini. Sote tunajua.

Chukwani tuna mabaraza mawili. Moja ni la Wawakilishi, lenye jengo lake kubwa, ambako mambo ya Zanzibar hujadiliwa kwa kanuni, kwa Spika na kwa kumbukumbu rasmi. La pili ni letu, la saruji, chini ya mwembe, ambako mambo hayohayo hujadiliwa kwa kahawa na dhumna. Letu haliahirishwi. Na hoja ambayo haijapata kufungwa katika baraza letu, miaka nenda miaka rudi, ni nani aitwe timu ya taifa.

Mgeni akitusikiliza atadhani tunazungumza mpira. Na kweli tunazungumza mpira, tena kwa undani: yupo mzee anayekumbuka kila krosi iliyopigwa na kila beki aliyelala. Lakini sikiliza kidogo zaidi utaona maneno yanabadilika rangi. Tulianza na beki wa kushoto, mara tuko kwenye mgawo wa misaada, mara kwenye ajira za Muungano, mara mtu anataja 1964. Hakuna aliyetuvusha kwa makusudi. Njia inajipeleka yenyewe.

Kwa asiyeijua hali yetu, iko hivi. FIFA inaitambua Tanzania moja, na timu yake ni Taifa Stars. Mzanzibari anayeota Kombe la Dunia au AFCON hana mlango mwingine. Lakini CECAFA, ambayo ukoo wake unarudi nyuma mpaka Kombe la Gossage zama za Mwingereza, inaitambua Zanzibar peke yake. Kwa hiyo kwenye Kombe la Chalenji Muungano unaachana kwa wiki mbili: Bara wanakuja kama Kilimanjaro Stars, sisi tunakuja kama Zanzibar Heroes. Vilabu vyetu navyo vinacheza mashindano ya CAF kwa jina la Zanzibar. Ndiyo maana mchezaji mmoja anaweza kuwa na jezi mbili za taifa kabatini mwake. Nadir Haroub "Cannavaro" alizivaa zote mbili, na hakuna aliyemwona kama mtu aliyegawanyika. Alikuwa beki. Mpira ukija, anaupiga kichwa.

Mwaka ulioiweka hali hii hadharani ni 2017. Machi, mjini Addis Ababa, CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Mji ulilipuka kwa furaha. Baraza letu lilikuwa limeshaanza kupanga kikosi cha kufuzu AFCON kabla kahawa haijapoa, na nakumbuka ugomvi wa kwanza ulikuwa wa golikipa. Julai, CAF ikabatilisha. Ikasema haikupaswa kutupokea tangu mwanzo, kwa sababu nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne tu. Kuna watu wamekaa kwenye uchumba zaidi ya hapo.

Halafu ikaja Desemba, na Chalenji ikachezwa Kenya. Hemed Suleiman "Morocco" aliwapeleka vijana ambao wengi wao walikuwa hawajulikani ng'ambo ya pili ya mkondo. Wakaifunga Rwanda 3-1. Wakaifunga Kilimanjaro Stars 2-1, na usiku ule hapakulalika. Nusu fainali wakamtoa Uganda. Tarehe 17 Desemba, Machakos, wakasawazisha mara mbili dhidi ya mwenyeji, mechi ikaisha 2-2 baada ya muda wa nyongeza, na Kenya wakashinda kwa penalti. Sijui kama vijana wale walijua kuwa Kenya na Zanzibar ziliingia Umoja wa Mataifa siku moja, tarehe 16 Desemba 1963, miaka 54 na siku moja kabla ya fainali ile. Pale barazani mzee mmoja alijua. Alisema tu, "Mwenzetu ana kiti bado," akarudi kwenye dhumna zake.

Hapo ndipo nilipoielewa hesabu yetu. Mtu mwenye kiti hahesabu. Anayesimama mlangoni ndiye anayehesabu nani ameingia.

Mtoto wa ami yangu anaishi Toronto tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Huko wamemfundisha hoki ya barafu. Barafu sisi tunaijua ya kutia kwenye maji ya ukwaju, yeye anakaa usiku kucha kutazama watu wazima wakigongana juu yake kwa magongo na viatu vya kisu. Nilipomlalamikia kuhusu orodha moja ya Stars, alinirudishia sauti ya dakika sita kwenye WhatsApp. Akanisimulia habari ya Nagano, Japani, 1998, Olimpiki ya kwanza ambayo wachezaji wa ligi kubwa ya Amerika ya Kaskazini waliruhusiwa kwenda. Canada ilipochagua timu, ilimwacha nyumbani Mark Messier, nahodha aliyebeba mataji mpaka mikono ikamchoka. Makelele! Kisha nusu fainali dhidi ya Jamhuri ya Cheki ikafika kwenye mapigo ya penalti. Kocha Marc Crawford akachagua watu watano wa kupiga. Wayne Gretzky, aliyekuwa mfungaji mkubwa kuliko wote katika historia ya ligi ile wakati huo, hakuwemo. Alikaa benchi akitazama. Golikipa Dominik Hasek akawazuia wote watano, mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa ami anasema ukitaka kuharibu karamu ya Wacanada wa umri fulani, taja benchi lile.

"Unaona?" akaniambia. "Kila mahali watu wanagombania orodha. Nyinyi si wa ajabu."

Nikamjibu kwamba ipo tofauti. Katika ugomvi wote ule wa Nagano hakuna aliyeuliza kama Gretzky ni Mcanada. Walibishana juu ya miguu, mikono, umri, roho ya mtu wakati wa shida. Swali la "nani apige" lilikuwa swali la "nani apige" tu. Kwetu, swali hilo limebebeshwa mgongoni swali jingine zito kuliko lenyewe: sisi ni nani, na nani anatuona?

Akakaa kimya siku mbili, halafu akarudi na jambo lililonifurahisha kwa sababu lilikuwa na akili. Akasema, nenda Quebec. Ni jimbo la Canada linalozungumza Kifaransa, lililopiga kura mara mbili kuamua kama lijitenge, 1980 na 1995. Huko, akasema, orodha ya timu ya hoki ya Canada ikitoka, watu wanafanya vilevile mnavyofanya Chukwani. Wanashusha kidole. Wanahesabu wa kwao. Na wapo wanaotaka Quebec iwe na timu yake.

Kwa hiyo si ugonjwa wa Kizanzibari. Ni desturi ya kila pahala ambapo swali la "sisi ni nani" halijajibiwa likaisha. Watu hutafuta jibu lake popote palipo na orodha, na orodha ya wachezaji ni rahisi kusoma kuliko katiba.

Bara wenyewe wana kuhesabu kwao. Orodha hiyohiyo tunayoitafutia Wazanzibari sisi, wao wanaitafutia Simba na Yanga. Mwaka 2018 kocha Emmanuel Amunike alipowaondoa wachezaji kadhaa wa Simba kwa sababu ya kuchelewa kuripoti kambini, nchi iligawanyika. Wa Simba waliona hujuma, wa Yanga waliona nidhamu. Na mtu mwenye kahawa Chukwani aliona nini? Aliona nafasi zimepatikana. "Sasa atawaita wa kwetu."

Lakini wa kwetu ni akina nani? Hapa hesabu inaanza kuyumba. Wengi tunahesabu kwa masikio. Jina likiwa na Khamis, Makame, Haji au Suleiman, kidole kinasita, mtu anajiongezea mmoja. Kumbe huyo ni wa Tanga, au wa Kigoma, hajapata hata kukanyaga Darajani. Na Aggrey Morris, ambaye jina lake halimshtui mtu yeyote wa barazani, ndiye aliyevaa jezi ya Zanzibar Heroes na kuicheza kwa moyo. Ukihesabu kwa masikio unamwacha mtu aliyekutetea uwanjani na kumchukua asiyekujua.

Ukiacha majina, tazama ngazi. Chukua wawili ambao hakuna anayewabishia: Feisal Salum "Fei Toto" na Ibrahim Hamad "Bacca". Fei Toto alipitia JKU. Bacca alipitia KMKM. Wote wawili wameijua jezi ya Stars vizuri baada ya kuvuka maji na kuvaa ya Yanga. Hii ndiyo njia. Mpira wa Zanzibar una maajabu ya lugha ambayo hayapo kwengine: ili uingie kikosi cha taifa, kwanza unaingia kikosi kweli. JKU, KMKM, KVZ, Zimamoto, Mafunzo, timu kubwa nyingi zetu ni za vikosi vya Serikali. Kijana anayecheza vizuri anatafutiwa ajira, anapata sare, anapata mshahara wa mwisho wa mwezi, na mama yake anapumua. Ni jambo jema. Nimeona nyumba zilizosimama kwa sababu ya winga mmoja.

Lakini kuna bei yake. Kijana mwenye ajira ya kikosi akiitwa majaribio Bara anaacha nini? Anaacha mshahara wa uhakika kwa ajili ya mkataba ambao unaweza kuisha kwa kuumia goti. Na asipovuka, nani atamwona? Mechi za Ligi Kuu ya Bara tunaziona hapa Chukwani kila wiki, na makocha wa Stars nao wanaziona. Mechi ya jioni pale Mao Zedong, upepo unavuma, watu mia tatu kwenye majukwaa, anaiona nani? Kocha hawezi kumwita mchezaji ambaye hajamtazama akicheza. Tunaposema "wanatubagua," mara nyingi kilichotokea ni kitu kikavu zaidi ya chuki: hakuna aliyepanda boti kuja kutazama.

Nasema "mara nyingi." Sisemi kila mara. Kutopanda boti nako ni uamuzi, na uamuzi unaorudiwa miaka mingi unakuwa sera hata kama hakuna aliyeuandika.

Mpwa wangu ana miaka 19, anacheza beki wa kushoto, daraja la chini, timu ambayo jezi zake zina namba 4 mbili. Mwaka juzi aliitwa majaribio na klabu moja ya Bara. Siitaji, kwa sababu kilichompata huko kinawapata vijana kila mahali. Alikaa siku kumi, akacheza mechi moja nusu saa, akaambiwa atapigiwa simu. Aliporudi, baraza lilimpokea kama shahidi wa kesi. Kila mtu alitaka aseme kwamba walimkataa kwa sababu anatoka Zanzibar. Walimwekea maneno mdomoni, wakampa na kahawa ya kuyamezea.

Yeye akasema: "Mjomba, mimi sijui. Yule waliyemchukua ana mguu mzuri kuliko wangu. Lakini yeye nyumbani kwao ni daladala moja. Amekwenda mazoezini miezi mitatu. Mimi nilikuwa na pesa ya siku kumi. Nyinyi mnahesabu majina, mimi nahesabu nauli."

Watu hawakulipenda jibu lile. Halikuwa na adui. Mtu mmoja alimwambia hana uchungu na nchi yake. Nilimtazama kijana, amekaa na begi lake la viatu, miaka 19, ameambiwa hana uchungu na nchi kwa sababu amesema mwenzake ana mguu mzuri. Nikaona hesabu yetu inavyowafanya wachezaji wenyewe. Akiachwa, hatumruhusu kuachwa kwa sababu ya mpira. Tunamgeuza kidonda chetu, tunamwonyesha watu. Akiitwa, hatumruhusu kuitwa kwa sababu ya mpira pia. Anakuwa fadhila, au ushahidi kwamba "tulikuwa tunastahili." Akipoteza pasi mbili, Bara watasema aliwekwa kwa ajili ya Muungano. Pande zote mbili zinamnyang'anya kitu kimoja, nacho ni kile alichokitolea jasho: kwamba anacheza vizuri.

Januari 2024 tulipata mtihani ambao hakuna aliyeutarajia. Kwenye AFCON kule Ivory Coast, kocha Adel Amrouche alifungiwa na CAF kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco, na timu ikashikwa na mtu ambaye jina lake la utani ni Morocco. Hemed Suleiman, wetu, yule wa Machakos. Mungu naye hucheka. Stars wakatoka sare 1-1 na Zambia, wakatoka sare 0-0 na Kongo. Akaendelea nao, na Novemba mwaka ule akaifunga Guinea 1-0 Dar es Salaam, tukafuzu AFCON nyingine.

Sasa kama tatizo lingekuwa ni nani anayeshika kalamu, hapo lingekwisha. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Mzanzibari. Baraza lilisemaje? Orodha yake ilipotoka, kidole kikashuka vilevile. "Wanne." Ukimya. Halafu: "Kesha kuwa mtu wa Bara huyo." Mwengine akamtetea: "Anaogopa kuambiwa anapendelea." Yule aliyeijenga timu yetu ya 2017 akafutwa uzawa wake kwa hesabu ya vidole, kabla ya sala ya isha.

Alikuwa anafanya kazi ya kocha. Alikuwa anatazama nani anacheza, wapi, dhidi ya nani. Na waliokuwa wanacheza mbele ya macho ya watu walikuwa walewale waliovuka maji. Kubadilisha mwenye kalamu hakukubadilisha ngazi.

Kuna fundi seremala barazani kwetu, mtu wa Wete, amekaa Chukwani miaka ishirini na zaidi, ana wajukuu hapa. Hasemi sana. Jioni moja tulikuwa tumemaliza kuihesabu Stars, tumelaani tulivyolaani, mtu mmoja amefika mpaka Umoja wa Mataifa na kurudi. Yeye akaweka kikombe chini, akauliza taratibu:

"Na kwenye Heroes, wa Pemba wangapi?"

Dhumna zikanyamaza. Watu wawili wakamjibu kwa pamoja: "Aa, sheikh, Heroes haina ubaguzi. Anaitwa mwenye uwezo."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Jibu hilo nalijua," akasema. "Ndilo mnalolikataa kila mwezi."

Nimeifikiria kauli ile mara nyingi. Fundi hakusema kwamba Pemba inaonewa. Hakusema kwamba haionewi. Alitushikia kioo cha kabati alilolitengeneza mwenyewe. Kijana wa Wete au Mkoani anayetaka kuonekana na kocha wa Heroes anapanda boti kuja Unguja, kama vile kijana wa Unguja anavyopanda boti kwenda Dar es Salaam. Ngazi ni ileile, pana bahari nyingine tu. Na sisi wa Unguja, tulipokuwa wenye kiti, hatukuhesabu. Wenye kiti hawahesabu.

Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilipochezwa kwa timu za taifa, lilipelekwa Pemba, uwanja wa Gombani. Heroes waliifunga Kilimanjaro Stars 1-0, na fainali wakaifunga Burkina Faso 2-1. Fundi alikwenda kwao kwa ajili ya mashindano yale. Aliporudi hatukumuuliza wangapi, naye hakusema. Alisimulia mabao. Alisimulia watu waliotoka mashamba tangu asubuhi, na watoto waliowaona kwa macho yao wachezaji ambao kabla ya hapo walikuwa sauti ya redio. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizungumza zaidi ya mtu yeyote. Uwanja ulikuwa umekwenda kwa watu, badala ya watu kupanda boti kuufuata uwanja.

Sitaki tuache kubishana juu ya orodha. Baraza lisilobishana ni benchi la saruji tu. Wala sitaki kumwambia mtu asihesabu, kwani hesabu hii haikuzuka hewani, na anayetuambia "mpira hauna siasa" kwa kawaida ni yule ambaye siasa imeshampa anachokitaka. Miezi minne ya 2017 ilikuwa kweli. Kiti kinachokosekana ni kweli.

Lakini idadi ni swali jepesi mno kwa jambo zito namna hii. "Wangapi" inajibiwa kwa kidole, na ikishajibiwa hakuna kilichobadilika, mwezi ujao tutashusha kidole tena. Yapo maswali magumu zaidi ambayo kocha hawezi kuyajibu kwa kuongeza jina moja la kutunyamazisha. Nani alikuja kutazama Ligi Kuu ya Zanzibar msimu huu, na mara ngapi? Alikwenda Gombani? Kijana akiitwa majaribio, nani anamlipia chumba mwezi wa pili? Akiacha ajira ya kikosi akavuka, akaumia, anaruhusiwa kurudi kazini? Mlandege ilipochukua Kombe la Mapinduzi mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, ya pili kwa kuifunga Simba 1-0, ni wachezaji wake wangapi waliotazamwa baada ya pale, na nani aliwatazama? Maswali haya yanawafaa TFF na yanawafaa ZFF vilevile. Yanalifaa hata baraza lile jengine la hapa Chukwani, lenye Spika na kumbukumbu rasmi, kwa sababu ajira za vikosi na viwanja vya shehia ni mambo ya Serikali yetu wenyewe. Hayo hayangoji FIFA.

Na maswali hayo yanamwachia mchezaji haki yake. Ukijua kijana ametazamwa mara tano, kwa haki, akaachwa, basi unaweza kusema ameachwa kwa sababu hajui kurudi kukaba, ukabishana na mwenzako mpaka usiku, na kijana akarudi mazoezini akajifunza kukaba. Hiyo ndiyo raha ya mabishano ya mpira, raha ambayo Wacanada wanayo na benchi lao la Nagano. Sisi bado hatujaifikia. Tunastahili kuifikia.

Mpwa wangu hakupigiwa simu. Anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi na anaendelea kucheza kushoto. Mguu wake umekuwa mzuri zaidi, au labda mimi ndiye ninayeutazama zaidi, maana siku hizi nakwenda. Mechi yao ni Jumamosi saa kumi jioni. Kiwanja hakina uzio, kiingilio hakuna.